Kifua Safi

Asubuhi moja ya Novemba mwaka 1986, Adelgunda alikuwa uani kwake Bugene, ameinamia karai, anasugua kifua cha mtu. Alitumia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yaliyochemka mpaka yakateleza kama mlenda, na gunzi la hindi. Weusi wa picha ulitoka kwanza, ukaelea juu ya maji kama masizi. Mbavu zikafuata, halafu moyo. Ikabaki nailoni ngumu, angavu, ambayo ukiishika mbele ya uso unaona migomba ya jirani bila shida. Aliisuuza, akaitundika kwenye kamba kati ya shuka na sare za shule, akachukua kifua kingine.

Adelgunda alikuwa mtu wa Muleba aliyeolewa Karagwe, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kadi. Krismasi, Pasaka, kipaimara, harusi, rambirambi, zote zilitoka mkononi mwake. Alikunja manila, akakata dirisha katikati kwa wembe, akabandika nailoni kwa gundi ya unga wa muhogo, na nyuma ya dirisha akaweka hori la Yesu au bwana na bibi harusi. Juu ya nailoni alipiga muhuri. Mihuri aliichonga kwenye soli za ndala zilizokwisha kazi: nyota, njiwa, kengele, mkungu wa ndizi, na panzi mmoja ambaye alikusudiwa awe malaika, lakini ulikuwa msimu wa senene, watu wakampenda hivyo hivyo. Wino ulikuwa masizi ya chungu yaliyochanganywa na utomvu wa mgomba, na utomvu wa mgomba ukishashika kitu haukiachii. Muulize mama yeyote mwenye mtoto na shati jeupe.

Nailoni ilitoka mgodini. Mume wake, Anastazi, alichimba bati kwenye mgodi mmoja wa milimani, upande wa Kyerwa. Kila mwaka daktari wa mgodi alikuja na mashine ya eksirei kwenye lori, akawapiga wachimbaji picha za kifua, akaziangalia, akawatangazia wote uwanjani: kifua safi. Baada ya hapo picha zilikuwa za kutupwa. Gaudiosus, mgawa dawa wa zahanati ya mgodi, aliona ni dhambi kutupa plastiki nzuri namna ile katika nchi ambayo hata sabuni inatafutwa kwa tochi. Akamfungia Anastazi furushi ampelekee mkewe.

Kwenye kila picha, kabla ya kuisugua, Adelgunda aliona mbavu, na katikati ya mbavu chenga nyeupe nyingi, kama mtu amepuliza unga wa mahindi humo ndani. Hakuwahi kuona kifua kingine chochote. Alidhani ndivyo binadamu tulivyo, na akaona Mungu ametupamba vizuri. Halafu akasugua.

Kadi zilianza kupumua wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Aliyeleta habari ni Placidia, mwenye duka Kayanga aliyekuwa akimuuzia kadi zake.

"Mama Kokubanza," alisema, maana binti mkubwa wa Adelgunda aliitwa Kokubanza, "kadi zako zinapumua."

"Zote?"

"Zote. Dirisha linaingia ukungu, linatoka, linaingia tena. Nimezipanga kabatini, kabati zima limetoka jasho."

Adelgunda alifikiri. "Gundi haijaachia?"

"Gundi iko imara."

"Basi zipange mbalimbali, zisinyimane hewa."

Placidia alizipanga mbalimbali, na zikatoka haraka kuliko kadi za Nairobi zenye theluji. Watu walisema zile za theluji ni nzuri lakini zimekaa tu. Hizi ukiziweka juu ya redio unajua kuna mtu.

Jioni jioni, saa ambazo zamu ya mchana hutoka shimoni, kadi zilikohoa. Na huku kwetu mtu akikohoa anaambiwa pole. Awe mkwe, awe mgeni, awe yule mnayegombea naye mpaka wa kibanja, akikohoa mbele yako unasema pole, na mdomo wako unasema kabla wewe hujaamua. Kwa hiyo kadi ilipokohoa, waliokuwa sebuleni walisema pole bila kugeuza shingo, wakaendelea na ndizi zao. Krismasi ile, kadi zilipotundikwa kwenye uzi ukutani kuanzia Bugene mpaka Isingiro, aliyepita njiani jioni alisikia nyumba moja baada ya nyingine: kohokoho, pole, kohokoho, pole, kama litania. Padri mmoja alisema inapendeza, inawafundisha watoto adabu.

Januari alikuja Kampire kutoka Ndama, ameficha kadi ndani ya kanga. Mumewe Theoneste alikuwa amechimba bega kwa bega na Anastazi mpaka alipoachishwa kazi mwaka uliopita. Aliachishwa kwa uvivu. Daktari alikuwa amesema kifua chake ni safi, na bado yeye akawa anakaa chini kupumzika kila baada ya kupiga sururu mara chache. Sasa mtu mwenye kifua safi anakaa chini kwa nini, kama si mvivu?

"Nilikwenda kwenye ubatizo hapo Bugene," Kampire alisema. "Nimemwacha mume wangu nyumbani, kalala. Naingia sebuleni kwa watu, namsikia anakohoa ukutani."

"Una hakika ni yeye?"

"Dada, nimelala na kikohozi hicho miaka. Hata ukinipa vikohozi vya wilaya nzima nitakitoa hicho." Alifungua kanga. Dirisha la kadi liliingia ukungu, likachelewa kidogo, likatoka. "Niliwaomba wakanipa. Nimeiweka karibu naye. Akikohoa yeye, inakohoa. Umempata wapi mume wangu?"

Adelgunda hakuwa na sababu ya kuficha. Alimweleza habari za lori, Gaudiosus, furushi, maji ya majivu na gunzi. Kampire alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi huyu nabaki naye," alisema.

"Baki naye, dada."

Theoneste alifariki Kwaresima. Adelgunda alikwenda msibani, akaiona kadi dirishani. Nailoni ilikuwa imegeuka nyeupe, kama jicho la samaki aliyepikwa, na hori la Yesu halikuonekana tena nyuma yake. Waombolezaji waliiangalia wakasema ndiyo, amekwenda kweli.

Hapo ndipo Adelgunda alipoanza kuogopa. Hakuogopa kwamba kadi zinapumua, hilo alishalizoea. Aliogopa kwa sababu Anastazi naye alikuwemo. Ubavu mmoja wa Anastazi, wa kushoto, ulikuwa umeunga vibaya tangu alipoanguka na baiskeli yenye mikungu ya ndizi, na mkono wa Adelgunda uliujua ubavu huo hata gizani. Lakini mwaka ule alikuwa anawahi Krismasi, akasugua vifua bila kuvichunguza kimoja kimoja. Mume wake alikuwa ukutani kwa mtu fulani, mahali fulani Karagwe, na aliyempeleka huko ni yeye. Jumamosi Anastazi aliporudi kutoka mgodini, alimwandalia maji ya moto ya kuoga, akakaa karibu akimsikiliza anavyopumua. Hakupenda alivyosikia.

Mwaka uliofuata wachimbaji waliikataa mashine. Kulikuwa na maneno kwamba inanyonya damu, kwamba mumiani siku hizi amekuja na jenereta. Meneja wa mgodi, Bwana Cassian, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye sauti ya kusoma masomo kanisani, hakumfokea mtu. Alipanda kwenye lori mwenyewe na shati lake, akapigwa picha wa kwanza, akashuka anacheka. "Mnaona? Nimebaki na damu yangu yote." Watu wakacheka, wakapanga mstari.

Furushi la mwaka huo lilipofika, Adelgunda hakuchemsha maji. Alikaa mlangoni penye mwanga, akatazama kila picha. Ubavu uliopinda aliupata katikati ya furushi. Chenga zilikuwa nyingi kiasi kwamba mapafu yalionekana kama uwanja ulioanikwa ulezi. Aliiweka pembeni, akafurahi kidogo, maana alidhani wingi wa chenga ni uzima. Halafu akaipata picha yenye kalamu mbili na shada la funguo mahali pa mfuko wa shati. Wachimbaji hawana kalamu. Ilikuwa picha ya Meneja, na ndani ya mbavu za Meneja hamkuwa na kitu. Palikuwa peusi tii, juu hadi chini, bila chenga hata moja.

"Jamani, masikini," alisema Adelgunda.

Jumapili alimwonyesha mumewe. Anastazi aliinua picha juu, akaitazama muda mrefu, akatikisa kichwa. Alimpenda Meneja, kama wachimbaji wengi walivyompenda. "Na anavyojikaza kucheka," alisema. "Kumbe ndani kumeungua kote."

Adelgunda alimtengenezea kadi nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Alichonga muhuri mpya wa maua, akapiga UGUA POLE, na yule panzi aliyekusudiwa kuwa malaika akamweka pembeni. Gaudiosus alipopita na lori jioni ile kumchukua Anastazi, alimkaribisha kikombe cha chai, akampa kadi ampelekee Meneja.

"Meneja anaumwa?" Gaudiosus aliuliza.

"Wewe mgawa dawa hujui? Kifua chake kimekwisha. Cheusi, hakina hata chenga moja. Tumwombee."

Gaudiosus aliweka kikombe na kadi chini. Aliitazama picha yenye kalamu, akaitazama ile yenye ubavu uliopinda, akaiangalia sakafu.

"Mama Kokubanza," alisema, "huyo ndiye mzima."

Kuku aliingia, akatoka. Anastazi akakohoa.

"Pole," alisema Gaudiosus.

Adelgunda alisimama. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua aanze kumpa nani. "Wewe ulijua?"

"Nilijua kama kila mtu pale zahanati anavyojua. Ni vumbi la mwamba. Likishaingia halitoki."

"Na daktari?"

"Daktari ndiye aliyetufundisha kulitambua."

"Na ukanipa nivisugue! Vifua vya watu wa watu, ukanifungia kwenye furushi kama dagaa, huna hata haya!"

"Nilikuwa naambiwa nizichome," Gaudiosus alisema. "Nikaona kadi ni afadhali." Alisema kweli, na ndiyo maana Adelgunda alizidi kumchukia jioni ile.

Alimgeukia mumewe. "Hurudi huko."

Anastazi alikuwa anafunga viatu. Wazazi wake walikuwa wamevuka mto Kagera kutoka Rwanda akiwa angali mgongoni, na kibanja walichopewa kilikuwa kile kipande cha chini ambacho maji husimama na migomba huoza mizizi. "Nikikaa hapa tutakula mihuri?" alisema, bila ukali. "Na siyo kula tu. Mtu mwenye kazi mgodini haulizwi baba yake alivuka lini. Nikikaa, nitaulizwa."

"Basi uombe kazi ya juu. Ya getini. Ya kuwasha taa."

"Nimeambiwa kifua safi mbele ya watu wote. Nitaombaje?"

"Mimi nitakuombea," alisema Adelgunda, akapanda lori pamoja naye, na picha mbili chini ya kanga.

Bwana Cassian alimpokea ofisini asubuhi, akamvutia kiti, akaitikia shikamoo yake kwa heshima, akamuulizia watoto. Daktari alikuwepo, anakunywa chai kabla ya safari. Ukutani, kwenye uzi, zilining'inia kadi za Krismasi iliyopita alizoletewa Meneja na wakubwa wa wilaya, na zote zilikuwa za Adelgunda. Zilikuwa zinapumua kwa shida, maana zamu ya asubuhi ilikuwa imeshashuka.

Adelgunda alizisimamisha picha mbili kwenye kioo cha dirisha, jua likapita ndani yake.

"Hii ni yangu?" Meneja alisogea karibu, akazigusa kalamu kwenye picha kisha akazigusa kalamu mfukoni. "Kumbe ndani niko hivi."

"Safi kabisa," alisema daktari.

"Na hii?" aliuliza Adelgunda.

Daktari alitazama kutoka pale alipokaa. "Hiyo nayo safi."

"Mbona ina chenga?"

"Hizo ni chenga za kazi, mama. Mkulima ana sugu mikononi, huyu anazo kifuani. Kwa mchimbaji, hicho ndicho kifua safi."

Kadi moja ukutani ilikohoa, kikohozi kirefu, mpaka uzi ukacheza.

"Pole," alisema Meneja.

"Pole," alisema daktari, akakoroga chai.

Adelgunda alisubiri kikohozi kiishe. "Bwana Meneja, sikuja kubishana na daktari. Mimi ni mtu wa kukata manila tu. Nimekuja kuomba kitu kimoja. Mume wangu atolewe shimoni. Mpeni kazi yoyote ya juu, hata ya kufagia hapa mlangoni pako. Namuomba akiwa hai."

Bwana Cassian alikunja uso, na huzuni yake haikuwa ya kuigiza. Alikuwa mtu anayeumia kweli akiona mtu anaumia, ndiyo maana watu walimpenda. "Mama," alisema, "Anastazi ni mtu mzuri. Lakini nikimtoa yeye kwa ajili ya chenga, kesho watasimama wote mlangoni hapa na chenga zao. Shimo nitabaki nalo na nani?"

"Hilo sijui."

"Na mimi sijui. Pole sana, mama." Aliitoa picha yake kwenye kioo, akaiweka ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo. Hakupenda wazo la pumzi yake kuning'inia sebuleni kwa watu. Ile ya Anastazi akaikunja kwa uangalifu akampa. "Hii unaweza kuitumia. Na nilikuwa nataka kukutafuta. Krismasi hii mgodi utampa kila mfanyakazi kadi. Zile zako za dirisha. Andika kitu kizuri juu ya afya."

Nje, Adelgunda alisimama uwanjani ambapo matangazo yalikuwa yakitolewa. Alilia pale waziwazi, akajifuta na ncha ya kanga, akapanda lori la bati kurudi Bugene.

Picha aliificha chini ya godoro. Alikuwa amesema moyoni kwamba ule ni ushahidi, na ushahidi hautupwi. Lakini kila alipofikiria ampelekee nani, alikuta kwamba wote wenye macho ya kuisoma walishaisoma. Daktari aliisoma. Meneja aliisoma. Gaudiosus aliisoma. Wamebaki wasiojua kuisoma, na hao wangedhani ni mapambo, kama yeye alivyodhani. Na huku Jumatatu mpaka Jumamosi hakujua mumewe anaendeleaje, na picha isiyooshwa haipumui.

Siku moja alichemsha majivu. Aliisugua taratibu, kwa kiganja, bila gunzi. Weusi ulitoka, zikatoka mbavu, na ubavu uliopinda ulichelewa kidogo. Chenga zilitoka mwisho. Hazikuelea. Zilizama moja moja zikagonga chini ya karai, na alipomwaga maji kwenye shina la mgomba zilibaki pale juu ya udongo, changarawe ndogo zinazong'aa. Kuku walikuja wakazidonoa, wakaziacha.

Hakupiga muhuri kwenye kadi ile. Aliisimamisha kwenye kibao juu ya kitanda, dirisha tupu, na kabla hajatoa mkono ukungu uliingia.

Basi akaishi na mume wake kwa namna hiyo. Asubuhi dirisha lilipumua haraka, akajua anashuka ngazi. Mchana lilikuwa zito. Jioni lilikohoa, na watoto kutoka chumba cha pili waliitikia, "Pole, Baba," na Kokubanza akaizoesha nyumba kuweka kikombe cha maji ya uvuguvugu karibu na kibao. Jumamosi Anastazi aliporudi mwenyewe, alilala chini ya pumzi yake, na wote wawili, yeye na kadi, walikwenda pamoja usingizini. Adelgunda alikuwa anakaa macho katikati yao. Alizoea kujihesabu miongoni mwa wanawake wenye bahati, kwa kuwa yeye alijua.

Oda ya mgodi ilijaza nyumba. Furushi zima la mwaka ule lilikuwa limeoshwa, limekatwa, limebandikwa, na makasha ya kadi yalipanda ukutani mpaka karibu na dari. Zamu nzima ilikuwa mle ndani. Shimoni walipofikia mahali penye vumbi, makasha yalitikisika, na mgeni aliyepiga hodi wakati huo alisema pole mara nyingi mpaka akasahau kilichomleta. Adelgunda alichonga muhuri mmoja mkubwa kutoka soli ya ndala ya Anastazi mwenyewe, ile ya mguu wa kulia, maneno yamegeuzwa kinyume ili yasomeke sawasawa: HERI YA KRISMASI NA AFYA NJEMA. Nyuma ya kila kadi, pembeni, alimpiga yule panzi. Alichovya, akapiga, akapuliza. Alichovya, akapiga, akapuliza. Gaudiosus alikuja akachukua kasha la kwanza kumpelekea Meneja aone mfano, na Meneja alisema zimependeza.

Desemba, siku ya Alhamisi asubuhi, muhuri ukiwa mkononi, alisikia ukimya juu ya kitanda. Alikwenda akatazama. Dirisha liliingia ukungu, na ukungu haukutoka. Ulikaa, ukakaza, ukageuka mweupe wa samaki.

Adelgunda alirudi mezani, akafunika wino usikauke. Alianua nguo kambani. Alifagia uwanja kuanzia mlangoni mpaka barabarani, akayatoa makasha chumba cha mbele ili watu wapate pa kukaa, akatandaza majani, akabandika lile sufuria kubwa la kuazimwa na mtaa. Ndipo alipokaa chini na kupiga ukunga, na ukunga ule ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kampire alikuwa wa kwanza kufika. Aliingia chumbani, akaiona kadi, akavua kanga yake ya pili akamfunga nayo Adelgunda kiunoni. Wanaume walichukua majembe wakaenda kibanjani bila kuuliza.

Lori la mgodi lilifika alasiri. Anastazi alikuwa nyuma, amefunikwa blanketi la mgodi, jipya. Gaudiosus alishuka polepole, kofia mkononi, amepanga maneno.

"Mama Kokubanza, tumekuja na habari ambayo..."

"Mshusheni," alisema Adelgunda. "Kaburi liko tayari."

Walimshusha. Gaudiosus alieleza kidogo, kwa sababu ilibidi aeleze: alikaa chini, wenzake wakadhani anapumzika. Daktari alikuwa amepigiwa simu ya upepo. Alikuwa amesema apelekwe tu nyumbani, maana kifua chake kilipimwa mwaka huu huu, na kilikuwa safi.

Akatoa bahasha kutoka kwa Meneja. Ndani mlikuwa na kadi, kutoka lile kasha la kwanza. Bwana Cassian alikuwa amekata kwa kalamu yake maneno HERI YA KRISMASI NA AFYA NJEMA, mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri: Poleni sana. Tumempoteza mtu mzima na mchapakazi. Adelgunda aliisoma, akaigeuza, akaona panzi wake pembeni. Dirisha liliingia ukungu, likatoka.

Hakuichana, ingawa mikono ilitaka. Huwezi kuchana kitu kinachopumua. Aliifunga kwenye uzi juu ya mlango, mahali pasipo na moshi.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba wakati kadi ilipokohoa. Kilikuwa kikohozi kibichi, kifupi, cha mtu ambaye bado hajajua.

"Pole," waliitikia waombolezaji wote kwa pamoja, walioko ndani na walioko nje, na Gaudiosus na dereva, na wachimba kaburi waliokuwa wananawa mikono.

Katikati ya wanawake waliokuwa wanamenya ndizi, mmoja aliyeitwa Renatha, aliyeolewa mwaka ule ule, alikuwa ameinua kisu na hakukishusha. Alisubiri. Kadi ikakohoa tena. Renatha aliweka kisu chini, akafuta mikono, akaja mlangoni akasimama chini ya kadi, sikio juu, kama mtu anayeitwa kutoka mbali. Hakuna aliyemharakisha.

"Dada," alimwambia Adelgunda, "naomba huyu nibaki naye."

Adelgunda alipanda kigoda, akafungua uzi, akampa. Renatha aliifunga ndani ya kanga, upande wa kifuani, akaaga wakubwa mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Kesho kutwa ilikuwa Jumamosi, na alitaka kuwahi nyumbani atafute kuni, mume wake akirudi kutoka mgodini akute maji ya moto.